Mwanangu, usikae pembeni ya bwawa

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Mwajuma,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, bibi yako anakusalimu sana. Nimepata habari kwamba chuoni mnafundishwa kuogelea, nawe unakaa pembeni kwa sababu ya nguo. Hilo limenikosesha usingizi.

Umekulia ziwani. Unaijua khanga ikishalowa: inajisokota magotini, inabana mapaja, mguu haupigi tena. Kwenye maji ya kiunoni, ukifua, si neno. Lakini boti ikipinduka katikati ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470, khanga hiyohiyo itakuzamisha.

Wazungu nao yamewapata haya. Karne ya 19 wanawake wao waliingia baharini na magauni ya sufu, wengine wakishonea vipande vya madini ya risasi kwenye pindo ili gauni lisielee. Stara ilikuwepo, ila nani angeogelea nayo? Mwaka 1904 meli General Slocum iliungua mtoni New York, wakafa watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto. Wengi hawakujua kuogelea, na nguo nzito ziliwavuta chini. Nikikumbuka hilo nawaona akina mama wanaopanda boti pale Kibirizi, watoto mgongoni.

Ninayempenda ni Annette Kellerman, mwogeleaji wa Australia. Utotoni miguu yake ilikuwa dhaifu, kuogelea kukaiimarisha. Alivaa vazi la kubana lisilo na sketi, na mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1907 alikamatwa kwa ajili yake ufukweni karibu na Boston. Mwaka 1912, kwenye Olimpiki ya Stockholm, wanawake wakashindana kuogelea kwa mara ya kwanza.

Bikini, kile kivazi kidogo cha vipande viwili cha Louis Réard, cha Paris mwaka 1946, sikuombi ukivae. Lakini mwaka 2004 Aheda Zanetti, Mwislamu wa Australia aliyezaliwa Lebanoni, alibuni burkini: inafunika kichwa hadi miguuni, kitambaa chepesi kisichonywa maji mengi. Unajisitiri na mguu unapiga maji.

Usipoipata madukani, mpelekee fundi kitambaa cha nailoni kinachovutika. Akushonee suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu inayofika mapajani, na asiweke bitana ya pamba. Akishataja bei nipigie, nitakutumia hela siku hiyohiyo.

Mama yako