Malalamiko kuhusu safari ya familia ya Weston-super-Mare na Bristol, 9 na 10 Agosti 2025

Birmingham,
20 Agosti 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Safari za Familia

Ndugu Meneja,

KUH: BAHARI TULIYOIKOSA, ZIARA YA NDUGU ILIYOKATWA NA ADA TULIYOTOZWA BURE

Tunaandika kwa niaba ya familia yetu ya watu sita: babu na bibi waliotoka Tanga kuja likizo, sisi wenyeji wao wa Birmingham, na watoto wawili. Safari mliyotuuzia ilikuwa ya siku mbili. Jumamosi mji wa pwani wa Weston-super-Mare na kulala huko, Jumapili Bristol kwa ndugu, kisha kurudi. Tulilipa pauni 1,140 kwa kadi ya mkopo, na wiki moja kabla ya kuondoka mkatuongezea pauni 90. Hatulalamikii mawingu wala upepo. Tunalalamikia ratiba iliyopangwa bila kutazama jedwali la saa za maji kujaa na kupwa, basi lisilofaa kuingia jiji mlilotuahidi, na pesa mlizokusanya kwa ajili ya ada ambayo hamkuilipa.

Tuanze na bahari, kwa sababu ndiyo iliyowavuta wazee.

Ratiba yenu iliandika: kuogelea, saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Tarehe 9 Agosti mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi mpevu ni bamvua, na mtu wa Tanga, Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa kwamba wakati huo maji hujaa sana na hupwa sana. Ila saa ya bamvua hutofautiana kati ya pwani na pwani. Unguja bamvua hupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Weston, iliyo kwenye mlango wa mto Severn, bamvua hujaa karibu na saa mbili asubuhi na tena saa mbili usiku kwa saa za kiangazi, na hupwa karibu na saa nane mchana. Mwezi ukiandama ni hivyo, ukipevuka ni hivyo hivyo, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa maneno mengine, mlituweka ufukweni kwa saa tano ambazo katikati yake ndipo maji yalipokuwa mbali kuliko wakati mwingine wowote wa mchana ule.

Na umbali wenyewe si wa mchezo. Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni kama mita 4. Weston hupita mita 10. Maji ya Atlantiki huingia kwenye mlango mpana unaozidi kuwa mwembamba kadiri unavyokwenda ndani, na yakibanwa pande zote hayana pa kwenda ila juu. Kwa kuwa ufukwe ni bapa, yakipwa huondoka zaidi ya kilometa moja. Sehemu ya juu hubaki mchanga mzuri wa kuchezea watoto, lakini chini yake kuna tope laini la Severn linalomeza mguu. Picha ya tangazo lenu inaonyesha maji yakiwa karibu na ukuta. Ni picha ya maji kujaa, na saa mliyoiuza ni ya maji kupwa.

Hapa kuna jambo zito kuliko pesa. Msimamizi wenu aliwaambia abiria wayafuate maji yaliko. Kulikuwa na mabango ya kuonya juu ya tope, naye akayapita. Tope lile hukubali uzito wa mtu hatua chache, kisha mguu huzama hadi gotini, na kadiri mtu anavyojikukurusha ndivyo linavyomshika. Bahari nayo ikianza kurudi juu ya ufukwe bapa namna ile, hurudi upesi. Msimamizi anayepeleka wazee na watoto mahali pale lazima ajue kwamba aliyenasa hutulia, huegemea nyuma ili uzito utawanyike, na mwenzake hupiga 999 na kuomba walinzi wa pwani bila kumfuata topeni. Yeye hakujua lolote kati ya hayo. Tuliwazuia watoto wetu wenyewe, na tukawaita wa familia nyingine waliokwisha kuteremka.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa rahisi. Bristol iko njiani kutoka Birmingham kwenda Weston. Mngepindua tu ratiba: Jumamosi mchana tungekula kwa ndugu Bristol, jioni tungeingia Weston saa kumi na moja na nusu maji yakipanda, na jua la mwanzoni mwa Agosti huzama baada ya saa mbili na nusu usiku. Jumapili asubuhi, bahari ingekuwa imejaa tena saa ya kifungua kinywa. Usiku ule ule mmoja wa hoteli ungetupa maji ya kujaa mara mbili. Au mngesogeza safari hadi Jumamosi iliyofuata, tarehe 16, mwezi ukiwa nusu na maji yakiwa mafu, yaani hayajai sana wala hayapwi sana. Hapo Weston maji hujaa mchana, na ratiba yenu ingefaa kama ilivyoandikwa.

Kama tarehe na saa hazikuweza kubadilika, mngetushusha Clevedon. Ukishuka na barabara kuu ya M5 kutoka kaskazini, Clevedon ni makutano ya 20, na Weston ni ya 21. Clevedon kuna ziwa la bahari lililojengwa mwaka 1929, lenye urefu wa kama mita 250, lililozungushiwa ukuta unaobakiza maji hata bahari ikiondoka. Bamvua hasa ndiyo hupanda juu ya ukuta na kulijaza upya. Siku iliyoharibu Weston ndiyo hulifaa ziwa lile.

Majedwali ya maji huchapishwa mwaka mzima kabla. Anayeyasoma aangalie kama yameandikwa kwa saa ya Greenwich, kwa sababu tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba lazima uongeze saa moja, na hapo ndipo wengi hukosea. Aangalie pia daraja la usafi wa maji linalotolewa na Environment Agency, idara ya serikali ya mazingira, kwani msimu wa kuoga baharini Uingereza ni 15 Mei hadi 30 Septemba, na ufukwe wa daraja la chini kabisa huwekewa tangazo la kuwashauri watu wasiingie majini. Kazi yote hii haizidi robo saa, na ndiyo kazi tuliyowalipa.

Sasa ndugu. Tangazo lilisema tungeshushwa katikati ya jiji la Bristol saa sita mchana na kuchukuliwa hapo hapo saa kumi na moja jioni. Badala yake tulishushwa Cribbs Causeway, nje ya jiji, kando ya makutano ya 17 ya M5, saa saba kasoro, na tukaamriwa turudi pale saa kumi kamili. Ndugu zetu wanakaa Easton, upande wa pili wa jiji. Kwa teksi kwenda na kurudi tulitumia pauni 56, na risiti tumeziambatisha. Ukitoa muda wa teksi, saa tano tulizonunua hazikubaki hata mbili.

Ziara ile haikuwa ya kupitisha wakati. Bibi alikwenda kuhani kwa dada yake aliyefiwa na mume, na ilikuwa mara ya kwanza wanaonana tangu msiba. Mtu wa pwani haingii nyumba ya msiba akatazama saa. Hukaa, husikiliza, husomwa dua, hula walichopika wenyeji, kisha huaga polepole. Bibi aliinuliwa kitini chakula kikiwa ndiyo kwanza kinapakuliwa. Hatuwezi kuwadai fidia ya jambo hilo kwa pauni, lakini tunataka mlijue.

Sababu ya kushushwa mbali tuliambiwa na dereva mwenyewe: basi halikufikia Euro VI, kiwango cha Ulaya cha kupunguza moshi wa magari. Tangu 28 Novemba 2022 Bristol ina ukanda wa hewa safi katikati ya jiji, na basi la namna hiyo hutozwa pauni 100 kwa siku likiingia. La Euro VI halitozwi kitu. Birmingham mnakotoka nako kuna ukanda kama huo tangu Juni 2021, kwa hiyo hamwezi kusema jambo hili ni geni kwenu. Ajabu ni kwamba nyongeza ya pauni 15 kwa kila abiria mliiita ada ya hewa safi. Basi lilikuwa na abiria 40, hivyo mlikusanya pauni 600 kwa ajili ya ada ya pauni 100, halafu basi halikuingia ukandani na ada haikulipwa. Zaidi ya hayo, kanuni za safari za kifurushi (usafiri na malazi kwa bei moja) za mwaka 2018 haziruhusu kupandisha bei ikiwa zimebaki siku chini ya 20 kabla ya safari. Ninyi mliipandisha zikiwa zimebaki saba.

Ofisi yenu ilitujibu kwa simu kwamba kosa ni la saa za kazi za dereva. Hesabu haikubali. Sheria inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Weston hadi Bristol ni pungufu ya saa moja, na Bristol hadi Birmingham ni kama saa mbili. Hata foleni ya M5 kwenye daraja la Avonmouth ikiongezwa, mapumziko yake yangekwisha abiria wakiwa bado mezani kwa ndugu zao.

Chakula tutakitaja kwa kifupi. Mliahidi samaki na chipsi za halali. Dukani hakuna aliyejua kama mafuta ni ya mimea au ya ng'ombe, kama unga wa kupakia samaki umechanganywa na bia, wala kama soseji hukaangwa kwenye sufuria ile ile. Maswali hayo matatu huulizwa wakati wa kuagiza, si foleni ikiwa imefika kaunta. Wazee walikula mkate na ndizi.

Kwa kanuni hizo hizo za 2018, aliyeuza usafiri na malazi kwa bei moja ndiye anayewajibika kwa kila kipande cha safari, hata kama basi na duka ni vya watu wengine. Tunaomba mturudishie pauni 90 za nyongeza yote, pauni 56 za teksi, na pauni 380, yaani theluthi ya bei, kwa siku ya bahari na saa za ndugu ambazo hatukuzipata. Jumla ni pauni 526. Tunaomba pia mwarudishie abiria wengine wote pauni zao 15 bila kusubiri kila mmoja aandike, na msimpeleke tena msimamizi huyo kwenye ufukwe wa Severn kabla hajafundishwa habari za tope.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, tutadai kwa benki iliyotoa kadi chini ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974, na ikibidi tutakwenda mahakama ya madai madogo.

Tumeambatisha nakala za ratiba, tangazo lenye picha, ujumbe wa nyongeza ya bei, risiti za teksi na jedwali la maji la Weston la tarehe 9 na 10 Agosti.

Wenu,
Kwa niaba ya familia
(sahihi)