Kwa nini hatukati silansa: jibu kwa wateja wetu wa pikipiki za porini

Mwezi huu tumekataa kazi tatu za namna moja. Mteja anafika karakana na pikipiki yake ya porini, anaonyesha bomba la moshi kwa kidole: "Fundi, nitolee kile kitu cha ndani, ilie kwa nguvu zaidi." Kitu hicho ndicho silansa, kinachopunguza sauti ya injini. Papa mmoja, mteja wa mtaa wa Golf hapa Lubumbashi, alituchukia kweli. "Mimi siendeshi mjini," akasema. "Ninatoka siku ya Mungu, Jumapili, ninaenda porini. Nani atanisikia kule?"

Papa, kule wanakusikia wote. Toka Lubumbashi kwa njia ya Kasenga, acha barabara kubwa, ingia vichochoro vya msituni. Utakutana na baiskeli zilizopakia makala (ya kuchoma, si ya kusoma) mpaka mwenye baiskeli haonekani nyuma ya magunia. Utakutana na mama anarudi shambani, mzigo kichwani. Yule wa baiskeli anasukuma kilo nyingi kwenye mchanga, mikono yote miwili imeshikwa. Pikipiki isiyo na silansa ikimtokea mgongoni, anaruka pembeni, na magunia yanalala chini. Kuyapakia upya peke yake ni kazi ya asubuhi nzima. Kichochoro hicho ndiyo barabara yake ya kila siku. Sisi wa siku ya Mungu ndio wageni.

Wateja wengine wanatuletea simu zao, wanatuonyesha habari za Marekani: jimbo hili linapendekeza sheria ya njia za porini, jimbo lile linataka kila mwendeshaji alipe. Wanauliza kama mambo hayo yatafika hapa kwenye jimbo letu la Haut-Katanga, Kongo. Sisi ni mafundi, si wabunge. Lakini ukiangalia jinsi sheria hizo zilivyoanza kwao, utaelewa kwa nini tunakataa kukata bomba.

Kelele na uharibifu vilikuja mbele, sheria ikafuata. Februari 1972 Rais Richard Nixon alitia sahihi amri nambari 11644, iliyotaka idara za serikali kuu zichague, kwenye ardhi yake, mahali panaporuhusiwa magari na pikipiki za porini na mahali panapokatazwa. Sababu zilizotajwa ni kulinda ardhi na wanyama, usalama, na kupunguza ugomvi na watu wengine wanaotumia ardhi ileile. California ilikuwa imepitisha sheria yake mwaka mmoja kabla, 1971, na waendeshaji wengi kule waliikubali kwa sababu moja ya maana: pesa wanazolipa zinarudi kutengeneza njia zao. (Hapa kwetu msomaji acheke kidogo. Tumelipa vibandiko vingi vya kodi ya barabara, daraja hatujaliona.) Utah nayo, tangu Januari 2023, inadai hata mtu mzima apitie somo fupi kabla ya kuendesha kwenye ardhi ya umma.

Kinachotuhusu sisi wa karakana ni kipimo cha sauti. California wanaweka maikrofoni nusu mita hivi kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45, wanazungusha injini mpaka nusu ya mwendo wake wa juu kabisa, wanasoma. Pikipiki iliyotengenezwa tangu 1986 haitakiwi kupita desibeli 96. Na desibeli hazihesabiki kama kilo za unga: kumi zikiongezeka, sikio linasikia sauti kama imekuwa mara mbili.

Basi, je, ukikata unapata nguvu? Hapana. Kwenye injini ndogo ya karbureta, moshi ukitoka bila kizuizi mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na esansi (petroli) kidogo. Injini inapata joto kupita kiasi, inalipuka kama risasi ukiachia gesi, na ile nguvu ya chini unayoihitaji kupanda mlima wa mchanga inapungua. Ili uirudishe lazima ubadilishe jikla za karbureta, vile vipande vyenye tundu vinavyopima esansi. Wengi hawarudi kwa kazi hiyo. Wanarudi na valvu iliyoungua.

Sasa jambo ambalo hakuna mteja anayetuuliza, na kwetu ndilo kubwa kuliko kelele: cheche. Ndani ya mabomba mengi ya pikipiki za porini kuna wavu mdogo wa chuma, kizuia cheche. Kazi yake ni kushika vipande vya kaboni vinavyotoka vikiwaka. Kipimo cha Wamarekani kinataka kishike angalau asilimia 80 ya vipande vinavyozidi milimita 0.58. Fundi wa kando ya barabara akikata silansa, mara nyingi wavu huo unatoka nao na kutupwa. Hapo mjini hutaona tofauti. Lakini fikiria Agosti au Septemba, mvua haijanyesha tangu Aprili au Mei, majani ya miombo yamekauka kama karatasi, nawe umesimama kwenye nyasi zinazofika kiunoni, injini inanguruma. Moto wa msituni mwezi huo hauhitaji kusukumwa.

Kama siku moja jimbo letu litatunga sheria ya njia hizi, maoni yetu ni kwamba ianze na hayo mawili, sauti na moto, na isimhesabu mbeba makala kama mwendeshaji wa starehe. Kumtoza yule kibandiko itakuwa aibu.

Kwa hiyo hatukati. Tunachofanya ni hiki: tunafungua mdomo wa bomba, tunatoa wavu, tunausugua kwa brashi ya waya, tunaurudisha, kama umetoboka tunatafuta mwingine. Waliokwisha kukatiwa kwingine, tunawarudishia silansa na kuweka jikla sawa. Sauti tunaipima kwa simu, na tunasema wazi kwamba simu si chombo rasmi, ila inatosha kuonyesha kabla na baada.

Yule papa wa Golf alirudi wiki iliyopita. Hakuomba msamaha, aliacha funguo tu mezani. Wengine leteni zenu kabla ya Agosti, na mlete asubuhi, zikiwa zimelala usiku mzima, maana bomba lililotoka safari halishikiki.