Kabla shemeji hajasaini

Shosti wangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma mara tatu jana usiku. Nimefurahi kweli, ila umeelezea ofa yote ya kazi ya nje aliyopata shemeji, nyumba, tiketi, bima, shule ya watoto, alafu mwisho kabisa ndo ukaandika "mi ntatafuta kazi tukishafika". Maneno hayo hayo niliyasema mimi. Nikakaa miezi 14 bila kazi, mimi niliyekua nafunga mahesabu ya kampuni kila mwisho wa mwezi.

Naomba kabla shemeji hajasaini amuulize mwajiri, kwa maandishi sio kwa simu, mnakuja na viza ya aina gani na mwenza kwenye hiyo viza anaruhusiwa kufanya kazi au anaruhusiwa kuishi tu. Kwenye karatasi zetu waliandika mwenza anaruhusiwa kuambatana na mfanyakazi, nikaona basi imeisha hiyo. Kumbe kuambatana ni kitu kingine na kufanya kazi ni kitu kingine.

Na mtu akikwambia "nchi ile wenza wanafanya kazi bila shida" usiishie hapo, maana hata ndani ya nchi moja herufi ya viza inabadilisha kila kitu. Chukulia Marekani, mume akihamishwa na kampuni yake kwa viza ya L-1 mke anapata L-2 na tangu mwisho wa 2021 anaruhusiwa kufanya kazi kwa viza hiyo hiyo bila kuomba kibali kingine, lakini mume akienda kwa H-1B, viza ya mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni ya huko, mke anapata H-4, na hiyo tangu 2015 ni wale tu ambao waume zao wamefika hatua fulani ya kuomba ukaazi wa kudumu ndo wanaweza kuomba kibali, wengine wanakaa miaka nyumbani na digrii zao. Ujerumani mume akiwa na Blue Card, kibali cha ukaazi cha wataalamu wenye kazi, mke anafanya kazi moja kwa moja. Singapore walibadilisha, toka Mei 2021 mwenye pasi ya mtegemezi akitaka kuajiriwa lazima mwajiri amuombee kibali chake mwenyewe. Kanada nao Januari 2025 wamebana, sio kila mwenza anapata tena kile kibali cha kazi cha wazi, cha kufanya kazi kwa mwajiri yeyote. Kwahiyo soma sheria ya mwaka huu kwenye tovuti ya uhamiaji wa nchi yenyewe, usitegemee hadithi ya mtu alieenda zamani.

Sasa wewe una mtihani wa pili ambao mimi sikua nao. Mhasibu anaweza kuajiriwa huku vyeti vyake bado vinalinganishwa, ila wewe mfamasia, viza ikikuruhusu hata kesho, bila kusajiliwa na baraza la wafamasia la huko hugusi dawa. Na huo usajili ndo unakula muda, transkripti itoke chuoni, baraza la nyumbani liandike barua kwamba una leseni na huna kesi, na mara nyingi wanataka itumwe na baraza lenyewe sio wewe uibebe mkononi, alafu mtihani wa lugha, ambao matokeo yake mengi yanakubalika miaka 2 tu kwahiyo usiwahi sana kuufanya. Anza kufatilia chuoni wiki hii. Ukiwa mbali, kupata karatasi moja yenye muhuri ni mateso, nilishalia kwa ajili ya muhuri. Na leseni ya nyumbani uendelee kuilipia kila mwaka hata kama huitumii, tafadhali, ikifa ndo barua ya baraza nayo itakua ngumu kuipata.

Lile wazo lako la kumfanyia kazi bosi wako wa sasa kwa mtandao ni zuri ila nalo uliza, nchi nyingi wanahesabu hiyo ni kazi hata kama umekaa sebuleni kwako na hela inaingia benki ya nyumbani, na kuna kodi pia.

Mimi mlango ulifunguka kwa kujitolea. Nilikua naweka vitabu vya mahesabu vya kikundi kimoja cha hisani siku mbili kwa wiki (niliuliza uhamiaji kwanza kama inaruhusiwa), mweka hazina wao akaniunganisha na ofisi yake. CV nilizotuma onlaini hata moja haikujibiwa. Kilichoniuma zaidi ya hela ni zile fomu, kila fomu ina mstari wa kazi, na mimi najaza "mke wa", nikitoka hapo siku yote naisikia.

Kitu cha mwisho, shemeji aombe mwajiri alipie usajili wako na kozi ya lugha. Kampuni nyingi zina fungu la mwenza ila hawalitaji mpaka uulize, na nguvu ya kuomba mnayo sasa hivi, wakishapata saini imekwisha. Mi ningekua wewe hata fungu la kusafirisha fanicha ningeliachia nipate hilo.

Nitumie hiyo ofa niisome, kurasa zote, hata leo usiku niko macho.

Wako akupendae sana.