Barua kwa Rehema, kuhusu mtoto wa gramu 950

Shoga yangu Rehema,

Hujambo? Huku tupo, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Nimenyamaza tangu msiba wa Bi Saumu, na kanga zako bado ninazo, nitazileta. Ila leo nina jambo limenikaa kooni.

Wiki iliyopita tulipokea njiti wa wiki 27, gramu 950. Alitanguliza matako, akatolewa kwa shida. Siku mbili akaenda vizuri, hata mama yake akaanza kutabasamu. Siku ya tatu alfajiri namkuta amepauka midomo na nyayo, moyo unakwenda mbio, presha imeshuka. Sote tukasema maambukizi, antibayotiki zikabadilishwa. Akapimwa kichwa kwa ultrasaundi: ubongo safi. Lakini kipimo cha wingi wa damu, himoglobini, kilikuwa 15, sasa 8. Imekwenda wapi? Mtoto wa uzito ule, damu yake yote ni kama mililita 85, haijazi kikombe cha chai!

Daktari wa zamu ndiye aliyeshusha kipimo tumboni. Damu ilikuwa imevilia kwenye ini, chini ya utando wake. Utando ule huizuia kwa siku kadhaa, unavimba polepole, mtoto haonyeshi kitu. Ukipasuka, damu inamwagika tumboni na anazimika ghafla. Na tumbo lilikuwa limejaa, Rehema, ngozi ya kulia ina ubluu. Mimi niliuona usiku ule, nikadhani ni michubuko ya kuzaliwa. Niliuona.

Hakupasuliwa. Ini la njiti ni laini mno, uzi unalikata, na daktari wa upasuaji akashauri tusubiri. Akaongezewa damu na plazima, yale majimaji ya damu, akarudiwa vitamini K, ili damu igande. Katheta ya kitovu, ule mrija wa dripu uliopitishwa kitovuni, ikatolewa, maana ncha yake ilikuwa imeingia kwenye ini. Sasa kilicholiumiza ini ni katheta au ni kule kuvutwa wakati wa kuzaliwa? Hakuna aliyeweza kuniambia. Nikabandika karatasi kwenye inkyubeta: asigeuzwe ovyo, asipimwe uzito, nepi ibadilishwe bila kuinua miguu.

Leo ni siku ya tisa. Himoglobini imesimama kwenye 11. Manjano imepanda kwa ile damu iliyovilia inayovunjika, yuko chini ya taa. Kila nikiingia zamu naanza na tumbo lake, nazungusha utepe, naandika. Ule ubluu bado nauota.

Huko kwenu mnahakikishaje ncha ya katheta kabla ya kuanza dripu? Ultrasaundi ya usiku mnaipata? Mtoto kama huyu mlimrudisha lini kifuani kwa mama yake? Huyu mama ananiuliza kila asubuhi, sina la kumjibu. Na Sista Agnes bado yuko wodini? Muulize yeye, ameona mengi. Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa, naingia usiku.

Wako,
Mwanaidi