Barua kwa Mwanaidi: shahada mbili kwa miaka mitano

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Barua yako imefika. Chuo kimemwambia Zuhura anaweza kuunganisha shahada ya kwanza na uzamili wa afya ya jamii, amalize zote kwa miaka mitano badala ya sita, nawe unauliza kama ni nafuu ya kweli au biashara tu. Nafuu ipo, ila itafute kwenye hesabu ya krediti, yaani pointi za uzito wa kila somo, si kwenye tangazo.

Shahada ya kwanza huko Marekani kwa kawaida ni krediti 120. Uzamili wa afya ya jamii haupungui krediti 42. Hicho ni kiwango cha CEPH, baraza linalotoa ithibati ya fani hii. Jumla 162. Mpango wa pamoja unaruhusu baadhi ya masomo ya uzamili yasomwe mwaka wa nne na yahesabiwe pande zote mbili. Tuseme chuo chake kinakubali krediti 12: mwaka wa tano unabaki na 30. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Krediti 9 kwa muhula wa uzamili kwa kawaida ni mzigo kamili, na 12 ni nzito, kwa hiyo mihula miwili inabeba 24. Sita zinazobaki zinaangukia kiangazi, na kiangazi hichohicho ndicho cha mafunzo kwa vitendo. Chuo kikikubali krediti 6 tu, zinabaki 36, na huo mwaka mmoja ni wa kwenye karatasi. Basi aombe orodha ya masomo yanayohesabiwa mara mbili, kwa maandishi, pamoja na alama inayotakiwa. Mara nyingi ni B; akipata C, somo linaweza kumfaa kwa shahada ya kwanza lakini uzamili ukalikataa, alirudie kwa ada ya uzamili.

Aulize pia shahada ya kwanza inatolewa lini. Vyuo vingine huitoa mwisho wa mwaka wa nne, vingine huzitoa zote mbili pamoja mwishoni. Mimi ningechagua utaratibu wa kwanza bila kusita. Fedha ikikatika au akiugua mwaka wa tano, tayari ana cheti mkononi. Lakini ufadhili wa shahada ya kwanza kwa kawaida hukoma siku hiyohiyo, kwa hiyo mwaka wa tano uupigie bajeti peke yake, kwa kiwango cha ada ya uzamili.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo yanayochelewesha watu. CEPH inataka mwanafunzi aonyeshe stadi zisizopungua tano, tatu kati yake ziwe za msingi wa fani, na atoe angalau kazi mbili zinazoifaa taasisi aliyofanyia, kama ripoti au uchambuzi wa data. Mwanafunzi wa kawaida akikosa nafasi kiangazi hiki anaweza kungoja kijacho; Zuhura hana kiangazi kingine. Aanze kutafuta mwezi wa kumi wa mwaka wa nne, maana idara za afya huomba uthibitisho wa chanjo, ukaguzi wa rekodi ya jinai na mkataba na chuo, na karatasi hizo huchukua wiki nyingi.

Kwa kuwa yuko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini chochote. Akihamia ngazi ya uzamili, fomu yake ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha masomo yake kwa uhamiaji, lazima ibadilishwe. Mafunzo nje ya chuo yanahitaji kibali cha CPT, yaani ruhusa ya kufanya mafunzo kazini wakati wa masomo, kabla ya siku ya kwanza. Kisha aangalie msimbo wa programu kwenye I-20: epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa), 26.1309, imo katika orodha ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, kwa hiyo baada ya miezi 12 ya OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Afya ya jamii ya jumla, 51.2201, haimo. Chuo kilekile, ada ileile, tofauti ya miaka miwili ya kazi!

Ithibati aithibitishe kwenye orodha ya CEPH yenyewe, kwa jina la shule au programu; ithibati ya chuo kizima haitoshi. Na kwa kuwa atarudi nyumbani na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itavipitia vyeti, aombe transkripti mbili, moja kwa kila shahada.

Kuna anayepaswa kuuacha mpango huu. Kama anataka uzamili wa chuo kingine, asizitumie krediti za uzamili kwenye shahada ya kwanza, maana vyuo vingi havipokei krediti zilizokwisha kutumika. Na kama nia yake ni uongozi wa hospitali au wa miradi, waajiri watamuuliza uzoefu kabla ya cheti. Afadhali afanye kazi miaka miwili kwanza. Ila kwa anayependa takwimu na data, kama unavyomweleza wewe, njia hii inafaa sana.

Maombi hupelekwa mwaka wa tatu. Muhula ujao achukue takwimu na utangulizi wa epidemiolojia, na wastani wake wa alama (GPA) usishuke chini ya 3.0 kati ya 4, vyuo vingine hutaka zaidi. Akishapata ile orodha ya masomo nitumie, tuipitie pamoja kabla hajajaza fomu.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Saumu