Barua kwa nyie mnaoanza kulea wanafunzi shuleni

Vijana wangu, marahaba wote. Nimesikia mmejiandikisha kuwa walezi wa kujitolea, kila mtu na mwanafunzi wake mmoja, mnakutana shuleni kila wiki, na nimefurahi kwa kweli, ila kabla hamjaanza naomba mnisikilize mzee wenu maana kuna jambo linanikaa sana rohoni.

Kama huna uhakika wa kumaliza mwaka, usianze. Najua ni maneno makali kumwambia mtu anayejitolea bure lakini nayasema kwa ajili ya mtoto. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walitoa matokeo ya vijana zaidi ya 1,100 wa mpango wa Big Brothers Big Sisters, unaowapa vijana walezi wa kujitolea kama nyie, wakaona waliokaa na mlezi mwaka mzima au zaidi ndo walifaidika kuliko wote, na wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi 3 kujithamini kwao kulishuka, hata imani yao kwamba masomo wanayaweza ilishuka, kuliko vijana ambao hawakupewa mlezi kabisa. Yaani bora usingekuja! Mtoto wa hivo mara nyingi keshaachwa na watu wazima wengine huko nyuma, sasa na wewe unatokea wiki mbili halafu kimya, yeye hatafikiri kwamba kazi zimekubana, atafikiri kuna kitu kibaya kwake.

Halafu wiki za mwanzo atakuwa haongei. Utamuuliza shule vipi, atasema poa, utamuuliza nyumbani je, poa, macho chini. Usimhoji kama polisi, na tafadhali usianze na marks zake, maana kila mtu mzima anamuuliza hizo hizo marks. Chezeni drafti, mwache achague yeye mfanye nini, mwache akufunge. Kuna utafiti mwingine wa mwaka 1995 uliofuatilia jozi 82 za mlezi na kijana, na walezi waliokuja na mpango wa kumrekebisha mtoto ndo wengi wao uhusiano uliwafia, waliomfuata mtoto anapopenda wakadumu. Masomo yatakuja tu, siku moja atatoa daftari mwenyewe akuonyeshe hesabu iliyomshinda, na hapo ndo umsaidie kwelikweli, na kama hata wewe hujui mwambie sijui, tutafute wote.

Kuhusu siri niwaambie wazi. Usimwahidi kwamba chochote atakachokwambia kitabaki kwenu wawili, mwambie mapema kabisa kwamba ukisikia anaumizwa lazima umwambie mwalimu anayehusika. Na ikitokea, siku hiyohiyo usilale nayo, wala usiende kupeleleza mwenyewe nyumbani kwao. Kaeni sehemu watu wanapita wanawaona. Hela usimpe, na meseji za usiku hapana hata kama nia yako safi, kwa sababu sheria hizi zinamlinda yeye na zinakulinda na wewe.

Wazazi wake usiwapite. Kuna walezi wanajisahau wanaanza kujiona wao ndo wazazi wa kweli, hiyo inamchana mtoto katikati.

Sasa kuondoka. Kuna siku utaondoka tu, mwaka utaisha, au kazi itakuhamisha, ni kawaida. Ila mwambie wiki kadhaa kabla, mtajie tarehe, mwambie sababu ya kweli na kwamba haihusiani na alichofanya, mpe nafasi akasirike akitaka. Siku ya mwisho nenda mwenyewe, usitume mtu wala meseji. Na usimwambie tutaonana tu kama hujui mtaonana lini.

Hata wiki moja ukikwama, piga simu shule mapema wamwambie, asije akakaa anaangalia mlango.