Hamisi, kuhusu wale kina Rockefeller

Tanga,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, mvua zimechelewa lakini tunashukuru. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na zile honi za bodaboda, nikaona nikujibu kwa maandishi.

Umeniuliza mawili. La kwanza, kama ni kweli yale ya hapo kijiweni kwamba ukoo wa Rockefeller, wale matajiri wa mafuta wa Marekani, unaiendesha dunia kwa siri. La pili, kama kamati yenu ya shule ipokee bweni ambalo yule tajiri anataka kuwajengea, mwaka huu huu anaotangaza nia ya ubunge. Uliyasema kama maswali mawili tofauti. Mimi nayaona ni moja.

La siri liache. Hawa watu mambo yao makubwa waliyafanya mchana kweupe, yakaandikwa magazetini, yakafika mahakamani na bungeni, na bado wakapata walichotaka. Mwenye kutafuta vikao vya usiku anapitwa na vile vya mchana.

John D. Rockefeller alizaliwa mwaka 1839 jimbo la New York. Baba yake alikuwa mchuuzi wa dawa za uongo, akijidai anatibu saratani, na kwingine alioa mke wa pili kwa jina la bandia. Mama alikuwa Mbaptisti mkali wa sala na mkali wa senti, na mtoto alichukua kwa mama. Tarehe 26 Septemba 1855, akiwa na miaka 16, aliajiriwa karani msaidizi wa hesabu mjini Cleveland, Ohio, na siku hiyo aliisherehekea kila mwaka mpaka uzeeni. Alinunua kidaftari akakiita Daftari A, akawa anaandika humo kila senti inayoingia na kutoka. Unajua mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu. Kidaftari hicho kinanivutia kuliko majumba yao yote. Kodi ya chumba imo, na sadaka ya kanisani imo, kwa mwandiko uleule. Wengi husema alianza kutoa alipozeeka ili ajisafishe. Alikuwa akitoa tangu akiwa karani, na alitoa kama alivyonunua: akijua kila senti inakwenda kufanya nini.

Utajiri ulitoka kwenye mafuta ya taa, maana magari hayakuwapo bado. Kampuni yake, Standard Oil, iliandikishwa Januari 1870. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe. Alitembelea kiwanda kimoja New York ambako madebe ya galoni tano yalikuwa yakijazwa mafuta ya kupelekwa ng'ambo, haya haya madebe ambayo bibi zetu waliyageuza vipimo vya mahindi na vyombo vya kutekea maji. Akauliza kila debe linazibwa kwa matone mangapi ya risasi ya kulehemu. Arobaini. Akasema jaribuni 38. Mengine yakavuja. Wakajaribu 39, hakuna lililovuja, na tangu siku hiyo ikawa 39. Kwa maelfu ya madebe, tone moja ni fedha.

Hiyo ndiyo sehemu ya kumsifu. Ya reli ni nyingine. Reli ilimtoza kila mtu nauli ya mzigo iliyotangazwa, kisha ikamrudishia yeye sehemu ya fedha kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa mzigo wake ulikuwa mkubwa na wa uhakika. Mwaka 1872 likaja jambo baya zaidi: yeye na wakubwa wa reli walipanga kwamba hata nauli ya washindani wake, sehemu yake alipwe yeye. Mpango ulivuja, wachimbaji wakaandamana, ukafa kabla haujaanza kazi. Lakini hofu yake ilitosha. Ndani ya miezi isiyofika miwili alikuwa amenunua viwanda 22 kati ya 26 vya kusafishia mafuta vya washindani wake hapo Cleveland. Kufikia mwaka 1880 au karibu na hapo, takriban asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta Marekani ulikuwa mkononi mwake.

Miongoni mwa walioumia alikuwa mzee Franklin Tarbell wa Pennsylvania. Binti yake, Ida, akawa mwandishi wa habari, na kuanzia mwaka 1902 akaianika kampuni gazetini mwezi baada ya mwezi, nyaraka mkononi. Serikali ikashitaki, na Mei 1911 Mahakama ya Juu ikaamuru kampuni ivunjwe vipande 34. Mzee Rockefeller alikuwa na hisa katika vyote, thamani ikapanda, akawa tajiri kuliko alivyokuwa kabla ya kushindwa kesi! Vipande viwili kati ya hivyo ndivyo vilivyokuja kuungana kuwa ExxonMobil, walioingia ubia na Wanorwe kutafuta gesi huko baharini kwenu Lindi.

Sasa njoo kwenye sadaka, maana ndiko bweni lenu liliko.

Mwaka 1905 alitoa dola 100,000 kwa chama cha wamisionari cha Boston. Mchungaji mmoja maarufu, Washington Gladden, akapiga kelele kwamba fedha hiyo ni chafu, irudishwe. Magazeti yakashika moto. Halafu ikajulikana kwamba mzee hakuwapelekea. Wao wenyewe ndio walioiomba, tena kwa muda mrefu. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kamati ninazozijua mimi, sitazitaja.

Miaka michache baadaye akataka kuanzisha wakfu mkubwa, akapeleka muswada bungeni Washington ili upate hati ya taifa zima. Hii ilikuwa mwaka 1910, wakati serikali hiyohiyo iko mahakamani ikitaka kumvunjia kampuni. Wabunge wakashtuka, wakaogopa kwamba tajiri anajijengea himaya nyingine. Na hapa, Hamisi, soma polepole. Ili kuwatuliza, watu wake walikubali masharti mengi, hata Rais wa nchi, Jaji Mkuu na marais wa vyuo vikubwa wapewe nguvu ya kukataa mdhamini wa wakfu wasiyemtaka. Bunge likakataa hata hivyo. Basi wakaenda jimbo la New York, wakapewa hati mwaka 1913, na ile haikuwa na masharti hayo hata moja. Waliokataa kwa ujasiri walikosa fedha na wakakosa udhibiti pia.

Aprili 1914 ikatokea Ludlow, Colorado. Wachimba makaa wa kampuni ambayo kina Rockefeller walikuwa na hisa kubwa kuliko wote waligoma, wakafukuzwa kwenye nyumba za kampuni, wakaishi kwenye mahema na familia zao. Chini ya mahema walichimba mashimo ya kujificha na risasi. Tarehe 20 wanajeshi wa jimbo waliwashambulia na mahema yakateketezwa; ndani ya shimo moja walikutwa wamekufa wanawake wawili na watoto 11. Wiki mbili kabla, mtoto wa mzee, John mdogo, alikuwa bungeni akitetea msimamo wa kampuni. Baada ya mauaji, wakfu ulimwajiri Mkanada, Mackenzie King, afanye utafiti wa uhusiano wa wafanyakazi na waajiri, na huku anamshauri John mdogo namna ya kutuliza Colorado. Huyo King baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yake. Tume ya serikali ikauliza: hii ni sadaka au ni utetezi wa kampuni? Swali zuri. Sijaona aliyelijibu.

Lakini usije ukadhani nataka uwachukie. Tume yao ya mwaka 1909 iliwasaidia maelfu ya watu maskini wa kusini mwa Marekani waliodhoofishwa na safura, kwa dawa na vyoo. Ile sindano ya homa ya manjano uliyochomwa ulipokwenda Lubumbashi, chanjo yake iligunduliwa kwenye maabara zao New York mwaka 1937, na ndiyo hiyohiyo inayotumika hadi leo. Mtafiti wao, Max Theiler, alipata Nobel kwa kazi hiyo. Kabla yake watafiti wao walikufa kwa ugonjwa wenyewe, akiwamo Mjapani Noguchi aliyefia Accra. Entebbe, mwaka 1936, walifungua kituo cha utafiti wa homa ya manjano, na wakiwa na kima kwenye kizimba juu ya mti msitu wa Zika, mwaka 1947, wakakuta kirusi ambacho hakuna aliyekuwa akikijua. Fedha hizohizo, miaka ya 1920, zililisha pia taasisi ya Berlin ya wale waliotaka kuchagua watu gani wazae na gani wasizae. Ukurasa mmoja, mwandiko mmoja.

Siasa waliingia wazi kabisa. Nelson, mjukuu, alikuwa gavana wa New York tangu mwaka 1959 mpaka 1973, kisha makamu wa Rais Ford. Alipohojiwa kabla ya kuthibitishwa mwaka 1974 iligundulika amekuwa akiwapa watu wa serikali zawadi na mikopo mikubwa. Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje wakati huo, peke yake alikuwa amepewa dola 50,000. Akasema ni urafiki, na huenda kweli! Tatizo la zawadi ya tajiri ni kwamba hata yeye mwenyewe hajui inaishia wapi.

Kipo kimoja ninachokipenda. Desemba 1946 John mdogo alitoa dola milioni 8.5 kununua kiwanja kando ya mto New York, akawapa Umoja wa Mataifa. Machi 1955 kijana Nyerere alisimama hapo kutuombea uhuru, juu ya ardhi iliyonunuliwa kwa mafuta ya taa. Hakuna aliyemwambia aseme nini.

Na bado wapo. Mwaka 2006 wakfu wao, pamoja na ule wa Gates, ulianzisha AGRA pale Nairobi ya kubadili kilimo cha Afrika, na vyama vya wakulima vinalalamika kwamba mbegu za kununua kila msimu zinawafunga. Mwaka 2016 mfuko mmoja wa ukoo ukatangaza kuachana na hisa za ExxonMobil, ukiilaumu kuhusu hali ya hewa. Wajukuu wanagombana na kampuni ya babu kwa fedha za babu.

Basi bweni. Sikuambii mkatae, watoto wanalala chini. Muombeni aandike, kabla jiwe la msingi halijawekwa: jengo litakuwa mali ya nani, nani atachagua msimamizi, jina gani litabandikwa mlangoni, na litakuwaje akishindwa uchaguzi. Afisa elimu awe na nakala. Wazazi wasomewe kwenye mkutano, si kwenye kikao cha kamati peke yake. Akikubali yote, mpokeeni kwa heshima na mumshukuru hadharani. Akisema hati ya nini wakati sisi ni ndugu, nipigie kabla hujasaini, hata kama ni usiku.

Wako,
Rashidi